Kikombe Sikupi, Baba

Vitambaa vya madhabahu havikuwahi kuchelewa. Kila Alhamisi asubuhi mama mdogo alivileta ofisini kwa Mchungaji vikiwa vimepigwa pasi na kukunjwa, akaviweka juu ya meza, akalalamika kidogo kuhusu watu wazima wanaomwaga divai kama watoto, kisha akaenda zake. Alhamisi ile alifika jua limeshageuka. Vitambaa vilikuwa vimekunjamana ndani ya beseni, na beseni kalibana kwapani upande wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umefichwa ndani ya mtandio.

"Nisamehe, Mchungaji," alisema. "Pasi imenishinda leo."

Mchungaji aliacha feni aliyokuwa akihangaika nayo. Wakiwa wawili tu, mama mdogo hakuwa na desturi ya kumwita Mchungaji. Alimwita mwanangu, na alikuwa na haki hiyo, maana ndiye aliyemlea tangu baba yake mzazi alipofariki, yeye akiwa bado anajifunza kusoma.

"Mkono umefanya nini, mama?"

"Nimeteleza bafuni."

"Mwezi uliopita ulijigonga mlangoni."

"Nyumba yenyewe imekuwa na visa," mama mdogo alisema, akajaribu kucheka, kicheko kikamkatikia njiani.

Mchungaji alilipokea lile beseni, akaliweka chini ya majoho ya kwaya yaliyotundikwa kwenye misumari, akafunga ofisi. Hakuuliza tena. Walikwenda zahanati taratibu kwa miguu, mama mdogo akiwaitikia watu salamu kama mtu mzima wa afya. Kwenye chumba cha tabibu, kijana mwenye macho ya usingizi aliugusa ule mkono kidogo tu, mama mdogo akauma midomo.

"Umevunjika," tabibu alisema. "Imekuwaje?"

Mama mdogo alimtazama Mchungaji, kama mtu anayesubiri kusemewa. Mchungaji alikuwa na maneno tele mdomoni, mengine hayafai kutoka kwa mtu mwenye kola. Aliyameza yote.

"Sema wewe, mama," alimwambia. "Ukisema bafuni, nitanyamaza. Ukisema lingine, nipo."

Nje kulikuwa na mtoto analia kuogopa sindano.

"Amenipiga mume wangu," mama mdogo alisema. Kisha, kama aliyeonja neno na kuona halijamuua, akarudia. "Mume wangu amenipiga na mguu wa kiti."

Mume wake ni baba mdogo wa Mchungaji, mwenyekiti wa baraza la wazee wa usharika, aliyekuwa msimamizi wa karakana ya mabasi mpaka alipostaafu. Watu walimwita Nguzo. Jina hilo hakujipa. Jengo la kanisa liliposimamishwa yeye ndiye aliyepanda juu kukaza boriti mafundi walipogoma kwa sababu ya upepo. Na si jengo tu. Mwaka ambao wazee walikuwa wakivutana kama mwanamke anaweza kuwa mchungaji wao, Nguzo alisimama akasema, "Nileteeni mwanaume anayehubiri kumzidi huyu binti, nami nitakaa chini." Hawakumleta. Mchungaji alijua kabisa kwamba kola iliyo shingoni mwake imepitia mikononi mwa mtu huyo. Yeye ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma ameshika kiti, akihema na kucheka. Hata siku moja hakumwinulia mkono.

Walipokuwa kwenye benchi wakingoja plasta ikauke, alilisema hilo. Alilisema kwa sauti ndogo, kama anayeomba aambiwe kuna makosa mahali.

"Ulipokuwa nyumbani alijizuia," mama mdogo alisema. "Alikuwa anataka umwone mkubwa. Ulipoolewa tu, basi. Na alipostaafu ndiyo ikawa hatari, maana sasa hana wa kumfokea ila mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nani? Mwanangu, au mchungaji wangu? Mwanangu ningemvunja moyo. Mchungaji ningempa ugomvi na mwenyekiti wake."

"Sasa umeniambia wote wawili," Mchungaji alisema. "Leo hulali kule."

Mume wa Mchungaji alikuwa fundi wa magari. Washarika walipata shida mwanzoni kumpa cheo, kwa kuwa walizoea kuwa na mama mchungaji anayesimamia akina mama na maua. Wakaishia kumwita Baba Mchungaji, naye akaitikia, ingawa maua hakuyagusa. Aliwakuta wamekaa jikoni akiwa bado na grisi mpaka kwenye viwiko. Aliutazama mkono wenye plasta, akamtazama mkewe.

"Mama anahamia kwetu," Mchungaji alisema.

"Mpaka lini?"

"Sijui."

"Basi ngoja nikikaze kile kitanda kinacholia," alisema, akaenda kutafuta spana. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

Kesho yake asubuhi baba mdogo alifika. Alikuwa amevaa shati lililonyooka, viatu vinang'aa, na sauti yake ilikuwa ile ya kufungulia vikao. Alikaribishwa kiti, akakaa. Aliletewa chai, akaisogeza pembeni.

"Nimekuja kumchukua mke wangu."

"Chai ipo, baba, na kiti hicho ni chako siku zote," Mchungaji alisema. "Lakini mama humchukui."

"Yuko wapi, aseme mwenyewe."

"Nimesema sitoki," sauti ya mama mdogo ilitoka chumbani. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa.

Baba mdogo alikunja uso. Kwa muda alionekana kama mtu aliyesahau alichofuata. Kisha akamgeukia Mchungaji na kuteremsha sauti.

"Binti yangu, mambo ya ndani ya nyumba hayana joho wala kola. Mimi ndiye niliyekulea. Nimekosa, nakubali, hasira zilinipanda. Nitamwombea, nitamnunulia kitu, yataisha. Kwani ni wangapi humu kanisani hawajawahi kumgusa mke?"

"Hujamgusa. Umemvunja."

"Unanisuta nyumbani kwako?"

"Nakwambia nikiwa binti yako, na nakwambia nikiwa mchungaji wako, usije ukasema umeambiwa na mmoja tu," Mchungaji alisema. "Mama atakaa hapa. Na Jumapili usije mbele kushika kikombe. Mkono uliofanya lile haugawi damu ya Bwana mpaka mwenyewe umetubu, mbele ya uliyemvunja."

Baba mdogo alisimama. Alikuwa bado mrefu, bado mpana. Fundi, aliyekuwa mlangoni akifuta spana kwa kitambaa, aliendelea kuifuta tu, ingawa ilikuwa safi tangu zamani.

"Nilikuweka hapo mimi," baba mdogo alisema.

"Ulinisimamia, na sijasahau. Lakini kuniweka hukuniweka wewe."

Aliondoka bila kuaga. Mchungaji alikaa chini akalia, kilio cha mtoto aliyefiwa mara ya pili. Mama mdogo alitoka chumbani akamshika kichwa kwa mkono mzima, na hivyo yule aliyevunjwa ndiye aliyembembeleza mwenzake.

Jumamosi baraza likaitwa. Mchungaji hakuliitisha yeye. Alikuta wazee wameshakaa kwenye viti vya plastiki, na mkuu wa jimbo mwenyewe amekaa katikati, mtu mpole mwenye mikono laini, anayependa mambo yaende bila kelele. Baba mdogo alikaa pale pale pa siku zote. Hakuna aliyetaja mkono. Walizungumza juu ya "hali iliyojitokeza" na "tofauti za kifamilia," na mwalimu mmoja mstaafu akasema usharika umeanza kunong'ona, na mnong'ono si mzuri, hasa jengo likiwa linasubiri kuwekwa wakfu upya na askofu.

"Mchungaji," mkuu wa jimbo alisema, "sisi tumeona hivi. Mama arudi kwake. Kesho ibadani uwaite wote wawili mbele, uwaombee, watu waone amani. Mzee aendelee na huduma yake. Mambo mengine mtayamaliza kifamilia, kwa hekima."

"Niwaombee wapatane juu ya nini?"

"Juu ya... hali."

"Hali inaitwa kupigwa na mguu wa kiti," Mchungaji alisema. "Amenipa ruhusa nilitaje humu ndani. Sasa mnaulizwa ninyi, si mimi. Mnataka nimsimamishe mwanamke mwenye plasta mbele ya watu nimwambie hiyo ni amani?"

Mwalimu mstaafu aliangalia dari. Mama mwenye duka la dawa, mwanamke pekee kati ya wazee, aliangalia viatu vyake.

"Unamvunjia heshima mtu aliyelijenga kanisa hili," mmoja alisema.

"Ninamheshimu kuliko ninyi nyote. Ninyi mnamwogopa. Mimi namtaka apone."

Mkuu wa jimbo alivua miwani akaisafisha. "Kwa hiyo unakataa?"

"Nakataa."

"Unajua ninaweza kukuhamisha."

"Najua. Kalamu ni yako. Lakini kesho bado niko hapa, na kesho ni Meza ya Bwana."

Jumapili kanisa lilijaa kupita kawaida, kwa kuwa mnong'ono una miguu mingi kuliko tangazo. Mama mdogo alikaa safu ya tatu, plasta imelazwa juu ya mapaja, haikufunikwa na mtandio. Alikuwa ameamua hivyo mwenyewe asubuhi, akijitazama kwenye kioo. Mchungaji alihubiri kwa kifupi. Hakumtaja mtu. Alisema tu kwamba mchungaji hakuitwa kuwalinda kondoo dhidi ya mbwa mwitu wa porini peke yao, kwa sababu wengine hulala zizini, na kwamba anayewapenda kondoo na anayempenda yule aliyegeuka mbwa mwitu ana kazi moja: kusimama katikati. Watu walikohoa.

Ilipofika saa ya Meza, baba mdogo aliinuka.

Mchungaji alitumaini mpaka dakika ile kwamba hatainuka. Alitembea katikati ya kanisa katika suti yake nyeusi, hatua zile zile ambazo usharika mzima ulizizoea, akapanda ngazi, akasimama mahali pake, akanyoosha mikono miwili kupokea kikombe. Uso wake ulikuwa umetulia. Alijua hakuna mchungaji aliyewahi kumfanyia mzee wa kanisa fedheha mbele ya watu, sembuse mtoto kumfanyia mzazi.

Mchungaji alishika kikombe kwa mikono miwili, akakivuta kifuani.

"Nipe, mwanangu," baba mdogo alisema chini chini.

"Kikombe sikupi, baba."

Hakukusudia kusikika. Lakini kipaza sauti kilikuwa kolani mwake, na maneno yale matatu yalitoka kwenye spika zote mbili, yakafika mpaka kwa waliosimama nje dirishani. Mpiga kinanda aliinua vidole akavisahau hewani.

Walitazamana. Mchungaji aliona yote kwenye macho yale: ghadhabu, aibu, na nyuma kabisa, mbali, yule mtu aliyekimbia nyuma ya baiskeli. Alitamani kumwangukia shingoni. Hakusogea.

Baba mdogo aligeuka akashuka. Hakurudi kwenye kiti chake. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni akatoka. Mwalimu mstaafu alimfuata. Wazee wengine wakafuata, na wake zao, na sauti ya tatu ya kwaya karibu yote. Viti vikakwaruza sakafu kwa muda mrefu. Mchungaji alibaki amesimama na kikombe chake na mkate wake, mbele ya kanisa lenye mapengo, bila mtu wa kumsaidia.

Ndipo mama mwenye duka la dawa alipoinuka kutoka safu ya wazee. Alipanda ngazi akihema, maana alikuwa mnene na magoti yalimsumbua, akanyoosha mikono.

"Nipe mimi," alisema. "Nimemuuzia dawa za maumivu miaka yote hii, na nimejifanya sijui ni za nini. Nipe."

Mchungaji akampa.

Wa kwanza kupanga mstari alikuwa mama mdogo. Alipokea mkate kwa kiganja cha kushoto. Nyuma yake walikuja wengine, mmoja mmoja, mwanzoni kwa kusita, kisha kanisa lote lililobaki. Wanawake kadhaa, walipofika mbele, walikaa wamepiga magoti muda mrefu kuliko kawaida, na Mchungaji hakuwaharakisha.

Jumatatu mkuu wa jimbo alipiga simu. Alisema ofisi imeamua: mwisho wa mwezi ujao Mchungaji atahamia usharika mdogo wa mbali, kule barabara inakoishia. Alisema kwa upole wake wote.

"Nitakwenda," Mchungaji alimjibu. "Niliapa kwenda ninakotumwa. Sikuapa kunyamaza. Na atakayekuja baada yangu nitamweleza kila kitu, tena mbele yako."

Alikata simu, akavaa viatu, akaenda nyumbani kwa baba mdogo.

Hilo fundi hakulielewa. "Umemfukuza mezani jana, leo unampelekea chakula?"

"Ni kondoo wangu vilevile," alisema. "Na ni baba yangu. Au ulidhani nimemkataa?"

Baba mdogo hakufungua. Mchungaji aliweka bakuli kizingitini, akakaa kwenye ngazi, akasema na mlango. Alisema habari za kawaida: bomba la ofisini limepasuka, feni imekufa kabisa, fundi amenunua gari bovu akidai ni zuri. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Bakuli alilikuta tupu, limeoshwa, lakini mlango umefungwa. Majirani wakaanza kumletea kiti. Wengine walimcheka, kwamba mchungaji anahubiria mbao.

Siku alipokuja amechoka, akakaa bila kusema neno, ndipo kitasa kilipozungushwa.

Baba mdogo alikuwa amepungua. Shati halikunyooshwa, pasi ilikuwa imemshinda na yeye. Ndani kulikuwa na meza yenye viti vitatu na kiti cha nne kimeegemezwa ukutani, hakina mguu mmoja. Hakukitupa. Hakukitengeneza.

"Unataka nini kwangu?" aliuliza. "Umeninyang'anya mke, umeninyang'anya kanisa. Kimebaki nini?"

"Kusema ukweli."

"Nimeshakwambia wewe. Nilikwambia nimekosa."

"Kwangu hukukosa. Nenda kwa mama. Useme ulichofanya, kwa jina lake, usiseme hasira zilipanda. Kisha uwaambie wale wanaokutetea, maana wanakutetea kwa uongo."

"Na akikataa kunisamehe?"

"Atakuwa amekataa. Ni haki yake."

"Na kikombe?"

"Sijui, baba. Sikuja kukuuzia kikombe."

Baba mdogo alikitazama kile kiti kilichopungua mguu. Kisha akaanza kulia, vibaya, kama watu wasio na mazoezi. Mchungaji alimshika bega, hakumwambia basi.

Alikwenda. Hakwenda siku ile wala iliyofuata, lakini alikwenda. Alisimama uani kwa Mchungaji, kofia mkononi, mama mdogo amekaa kibarazani, akasema: "Nilikupiga. Si mara moja. Nilikuvunja mkono, nikawaambia watu umeteleza. Hukuteleza." Mama mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, akichambua mboga kwa mkono mmoja.

"Nimesikia," alisema. "Sasa sikia na wewe. Nyumba ile nilibeba maji ya kukorogea saruji yake nikiwa na mimba iliyotoka. Mimi sihami. Utahama wewe. Ukitaka kunisalimia, utanisalimia kanisani, mchana, watu wakiona. Mengine tutaona, au hatutaona."

"Sawa," baba mdogo alisema.

Alipanga chumba karibu na karakana ya zamani. Jumamosi iliyofuata aliingia kwenye baraza, akayasema maneno yale yale mbele ya wazee, akajiuzulu uenyekiti. Mwalimu mstaafu alijaribu kumzuia, kwamba mambo haya yangeweza kumalizwa vizuri. Baba mdogo alimwambia akae chini, na kwa mara ya mwisho mtu akamtii Nguzo. Waliomfuata nje Jumapili ile walirudi kidogo kidogo, bila maneno. Sauti ya tatu ilirudi yote isipokuwa mmoja.

Uhamisho haukufutwa. Mkuu wa jimbo alisema ameguswa sana na yaliyotokea, lakini ofisi ikishaamua imeamua. Mama mwenye duka la dawa alitaka waandamane mpaka kwa askofu. Mchungaji akamwambia nguvu hizo azitumie dukani, amuulize kila anayekuja kununua dawa ya maumivu. Fundi alipakia vyombo kwenye lile gari bovu, ambalo kwa mshangao wa wote liliwaka. Mama mdogo alikuja kuaga, plasta imeshatolewa, akampa vitambaa vya madhabahu vipya alivyovishona mwenyewe kwa ajili ya huko aendako. Baba mdogo alisimama ng'ambo ya barabara. Mchungaji alivuka, akampigia magoti kama mtoto, akainuka, akapanda gari.

Usharika mpya ulikuwa na jengo la mabati na wazee watano. Walimkaribisha kwa adabu, wakampa kiti. Mwenyekiti wao, mzee mwenye ndevu nyeupe na macho makali, alisubiri sala ya kufungua iishe.

"Mchungaji," alisema, "tumesikia habari zako."

"Zote ni za kweli," Mchungaji alisema, akavuta kiti karibu na meza. "Tuanze kikao."